Mailo Ipi?

Mtaa wa Chapwa huamshwa na honi za malori. Gwantwa alipika uji, akamnywesha mtoto wake Brayan, kisha akampelekea mumewe bakuli lake mlangoni. Mumewe, Amoni, ni dereva wa bodaboda. Alianguka wakati wa mvua na mguu wake ukavunjika. Sasa umefungwa plasta ngumu, na pikipiki imeegeshwa ukutani. Kuku wanalala juu yake.

"Kuku wamepata kijiwe," Amoni alisema. "Wanasubiri abiria."

Gwantwa alicheka, lakini unga ulikuwa umebaki kidogo chini ya ndoo. Ilikuwa lazima yeye apate kazi. Alikuwa ameshazunguka mji mzima wa Tunduma. Kila mahali aliuliza, "Kuna kazi?" Kila mahali alijibiwa, "Hakuna."

Jirani yao Anastazia huuza mchele Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Ni mwanamke wa maneno mengi na moyo mkubwa. Siku hiyo alimwita Gwantwa.

"Mama Brayan, unajua kufanya nini?"

"Sijui kitu, dada. Kwetu Ikinga nililima tu."

"Na magunia yangu ya mchele nani aliyashona yalipochanika?"

"Mimi."

"Basi acha kunidanganya. Unajua kushona kitu kigumu. Ukimuuliza mtu 'kuna kazi', anaona mzigo umemfikia. Mwambie unachoweza. Kisha mwonyeshe."

Kesho yake Gwantwa alibeba gunia lenye kiraka hadi kwa Mzee Eliakim, fundi wa maturubai ya malori. Karakana yake iko karibu na maegesho makubwa.

"Shikamoo, fundi. Naitwa Gwantwa. Nashona magunia kwa mkono, na mshono wangu haufumuki. Naomba unijaribu."

Mzee Eliakim alivuta kile kiraka. Akakivuta tena, safari hii amekanyaga gunia kwa mguu. Mshono haukufumuka.

"Njoo kesho asubuhi," alisema. "Nitakutazama mwezi mmoja. Ukifaa, tutaandikiana mkataba."

Gwantwa alikuwa mfanyakazi wa kupendeza. Aliwahi, alifagia bila kutumwa, na sindano yake ilipita kwenye turubai kama inapita kwenye kanga. Alikuwa na tatizo moja tu, na tatizo hilo lilitoka kwenye malezi mema. Kwao, mkubwa akisema, mdogo huinamisha macho na kujibu, "Nimesikia." Hata kama hajaelewa, hamuulizi mkubwa mara ya pili. Itaonekana anabishana.

Mzee Eliakim naye husema haraka kama cherehani yake. Akimaliza huuliza, "Umesikia?"

"Nimesikia," Gwantwa hujibu. Kisha husimama kando akijaribu kukisia alichoambiwa. Mara nyingi alikisia vizuri. Lakini kukisia ni kukisia, siku moja kutakuangusha.

Jioni moja Mzee Eliakim hakuwepo. Alikuja dereva wa Zambia, Bwana Mwape, amebeba turubai lililochanika. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza.

"Mama, turubai hii. Mailo, mukwai. Mailo."

Gwantwa hajui Kibemba, zaidi ya mukwai, neno la heshima. Lakini neno mailo alilikuta sokoni. Mama mmoja wa Nakonde aliziita nyanya zake za mailo, na Gwantwa alipouliza, aliambiwa ni nyanya za jana. Basi akaelewa kwamba turubai lilichanika jana. Akamwonea huruma, ni ajali ya barabarani.

"Nimesikia, baba," alijibu kwa adabu. Akalikunja vizuri, akaliweka chini ya mengine yaliyotangulia.

Asubuhi Bwana Mwape alirudi. Lori lake lilikuwa limejaa saruji, na mawingu yalikuwa yameshuka chini. Turubai lake lilikuwa bado na tundu lake.

"Nilisema mailo," alilalamika. "Mailo!"

Mzee Eliakim aliwaita mafundi wote waache kazi nyingine. Walishona bila kuinua kichwa. Mvua haikuwahi kuigusa saruji, lakini zamu ya Bwana Mwape kwenye foleni ya mpaka ilikuwa imepita. Aliondoka amenuna.

"Binti, kwa nini hukulishona?" Mzee Eliakim aliuliza.

Gwantwa aliinamisha macho.

"Nakuuliza, unatazama chini. Hiki ni kiburi. Kesho tutajua kama unaendelea hapa."

Gwantwa alifika nyumbani akilia. "Sirudi tena," alimwambia Amoni. "Nimemwaibisha mzee wa watu."

Anastazia alisikia kilio, akaingia bila hodi. Alisikiliza kisa chote. Gwantwa alipofika kwenye mailo, Anastazia akacheka hadi akashika ukuta.

"Mama Brayan, mailo ni jana. Na mailo ni kesho pia. Kibemba kina neno moja kwa zote mbili. Mimi mama yangu ni wa kule, na bado huwa nauliza."

"Ningejuaje, dada?"

"Kwa kuuliza. Kuuliza si ujinga. Kazini, kumheshimu mkubwa ni kumfanyia alichotaka. Na 'nimesikia' yako haimsaidii, maana hata mimi nasikia honi za malori usiku kucha. Mtu akikutuma, rudia kwa mdomo wako alichosema. Kama umekosea, atakusahihisha palepale."

"Na kesho nitamwambia nini?"

"Usimsubiri akuite. Nenda wewe kwanza. Inua macho. Sema ulichokosea, sema kwa nini, sema utafanya nini kisitokee tena. Usimlaumu mtu."

Amoni aliitikia kwa kichwa. "Nenda, mke wangu. Mimi na kuku tunakutegemea."

Nakwambia kweli, kuinua macho mbele ya mzee kulikuwa kugumu kwa Gwantwa kuliko kushona turubai zima. Lakini aliyainua, na mimi namheshimu kwa hilo.

"Fundi, kosa la jana ni langu," alisema. "Nilidhani mailo ni jana, na sikuuliza. Nilinyamaza kwa sababu kwetu ndiyo heshima. Kuanzia leo nitarudia kila unachonituma, na nisipoelewa nitauliza. Naomba unisamehe."

Mzee Eliakim alimtazama. Kisha akakuna kidevu.

"Kumbe lilikuwa hilo," alisema. "Na mimi nasema haraka sana. Mke wangu hunigombeza kila siku." Akamkabidhi turubai. "Kiraka kwenye pembe, mshono mara mbili, kamba mpya upande wa kulia. Umesikia..." Akajikatiza. "Umesikia nini?"

"Kiraka kwenye pembe, mshono mara mbili, kamba mpya upande wa kulia."

"Haya. Shona."

Tangu siku hiyo karakana nzima huuliza hivyo, na kazi za kurudia zimepungua.

Mwezi ulikuwa unaisha Bwana Mwape aliporudi. Alipomwona Gwantwa alisita kidogo. Kisha akaweka turubai chini.

"Mailo, mama."

"Mailo ipi, baba? Iliyopita au inayokuja? Unataka kesho asubuhi, kabla ya foleni?"

Bwana Mwape aliangua kicheko. "Kesho, mukwai. Kabla ya foleni."

Alfajiri turubai lilikuwa tayari, limekunjwa juu kabisa ya mengine. Bwana Mwape aliwahi zamu yake. Mchana Mzee Eliakim alimwita Gwantwa mezani, akamsomea mkataba polepole, na Gwantwa akauliza kila alipokuwa hajaelewa. Kisha akaweka sahihi.

Jioni Amoni alimwona mkewe anakuja, ana mfuko wa unga kichwani.

"Vipi?" aliuliza. "Wamesemaje?"

"Naanza kazi ya mkataba mailo."

Amoni alikuna shingo. Alitazama kuku, akamtazama mkewe.

"Mailo ipi?"

"Inayokuja, baba Brayan," Gwantwa alisema, akautua unga.