Mbeleko ya Buluu

Mbeleko iliwashwa saa mbili asubuhi, na hadi saa nane mchana ilikuwa bado inatoa mwanga wa buluu. Ndani yake, kifuani kwa mama yake, aliyeitwa Justa, mtoto wa siku nne mwenye umanjano alikuwa amelala fofofo.

Daktari Kokushubira, mkemia wa maabara ya mwanga mjini Bukoba, hakutulia. Kila dakika tano alichungulia kipimo, hadi wauguzi wakamtania kwamba anahangaika kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Alikuwa na haki ya kuhangaika. Kila uzi wa mbeleko ile ulipakwa molekuli aliyoibuni yeye, yenye pande mbili: mtoaji, anayeachia elektroni, na mpokeaji, anayeidaka. Elektroni ikirudi kwao, mwanga huzaliwa. Nyekundu na kijani hazikumsumbua. Buluu, ambayo ndiyo huvunja sumu ya umanjano, ilikuwa na nguvu mno, ikaivunja molekuli yenyewe ndani ya dakika arobaini. Msanifu, akili bandia ya maabara, ilipendekeza molekuli elfu tisa, zote bapa, na zote zikafa. Ndipo Kokushubira akakipinda kiungo cha katikati, hadi karibu pembe mraba. Msanifu ikabisha, yeye akashikilia hapo hapo. Sasa ilikuwa saa ya sita na buluu haijafifia hata kidogo.

Kipimo kikalia. Sumu ilikuwa imeshuka kwa nusu, na mtoto alikuwa hajatoka mikononi mwa mama yake. Wauguzi walipiga vigelegele, na Kokushubira akajikuta anacheza.

Asimwe, binti yake wa miaka kumi na tisa, akaingia na mbeleko ya pili. Justa alimsalimia mara mbili, asiitikiwe.

"Hasikii," Kokushubira alisema.

Justa akauliza ilikuwaje. Siku zote Kokushubira hujibu kwamba ni ugonjwa tu, basi. Leo alimgeukia binti yake, akasema kwa mdomo na kwa mikono pamoja.

"Ulipata umanjano. Taa ilikuwapo, juu ya kisanduku cha kioo. Ulikuwa unalia humo peke yako. Kila muuguzi alipogeuka, nilikutoa. Umanjano ukakupanda kichwani, ukayaua masikio yako. Ni mimi, mwanangu."

Asimwe aliiweka mbeleko chini. Kisha mikono yake ikauliza, "Ukinitoa, nilikuwa nanyamaza?"

"Papo hapo," mama yake alijibu.