Nguo Isiyo na Mshono

Fundi alikuwa na cherehani moja, mke mmoja na mtoto mmoja. Cherehani ilikaa mlangoni, penye mwanga. Mkewe alikaa kando, akishona vifungo. Binti yao alikaa chini, akiokota vipande vya nguo. Alikuwa na miaka sita, mwembamba, hatulii mahali. Kila mtu alimwita Sindano.

Mama Sindano alikuwa na mimba ya miezi saba. Mikono yake ilishona, na mdomo wake ulitega vitendawili.

"Kitendawili!"

"Tega!" akaitika Sindano.

"Ninayo nguo. Fundi hakuishona. Haina mshono wala kifungo. Kuoga naoga nayo, kulala nalala nayo."

Sindano akakuna kichwa. "Shuka?"

"Wewe unaoga na shuka?"

"Kivuli!"

"Kivuli gizani kinakwenda wapi? Umekosa. Nipe mji."

"Sikupi! Nitafikiri mpaka kesho."

"Fikiri, mwanangu. Mimi siendi popote."

Jioni ile Mama Sindano alinyoosha mkono. "Fundi, blauzi inanibana. Hebu tazama."

Fundi akachukua futi, akapima. Kifundo cha mkono kilikuwa kimeongezeka. Kidole chenye pete kilikuwa kimevimba. Hata uso ulikuwa umejaa.

"Unanenepa, mke wangu," akasema, akicheka. "Mimba imekukubali."

Akachukua kiwembe, akafumua mshono, akauachia ili kuupanua mkono wa blauzi. Mkono ukaingia. Wote wawili wakafurahi.

"Kichwa nacho kinaniuma tangu juzi," mkewe akasema.

"Ni kazi ya vifungo. Inachosha macho."

Mwezi ule Mama Sindano hakwenda kliniki. Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa, na sare zilikuwa nyingi. Walisema wataenda zikiisha.

Asubuhi iliyofuata jioni ile ya blauzi, Mama Sindano alisimama karibu na cherehani, akajishika paji la uso.

"Mbona naona vimulimuli?" akasema. "Mchana huu?"

Kisha akaanguka. Mwili ukakakamaa, ukaanza kutikisika. Povu likamtoka mdomoni. Sindano akapiga kelele. Majirani wakajaa chumba.

"Amepandisha mashetani!" mmoja akasema. "Mwiteni mganga!"

Mwingine akaja mbio na kijiko. "Atauma ulimi! Mfungueni meno!"

"Toa kijiko hicho!"

Sauti ile ilitoka mlangoni. Alikuwa Mama Mkaa, jirani yao anayeuza mkaa. Mikono yake ilikuwa myeusi mpaka kwenye viwiko.

"Msimtie kitu mdomoni. Sogezeni cherehani asijigonge. Mlazeni ubavu, ubavu wa kushoto. Na nyinyi mliokuja kutazama, tokeni, apate hewa."

"Lakini Mama Mkaa, mashetani..."

"Shetani gani anavimbisha mikono? Hiki ni kifafa cha mimba. Kilimchukua mdogo wangu huku sisi tunachoma ubani." Akamgeukia Fundi. "Na wewe umesimama kama nguzo! Tafuta gari! Sindano atabaki kwangu."

Hospitalini walimchoma Mama Sindano sindano ya kuzuia degedege, na dawa ya kushusha shinikizo la damu. Daktari hakuzungusha maneno.

"Lazima tumtoe mtoto leo, kwa upasuaji. Siku zake hazijafika. Lakini tukingoja, tutawapoteza wote wawili."

Fundi akatia saini.

Mtoto alizaliwa hai. Alikuwa wa kiume, kilo moja na gramu mia nne. Alipelekwa wodi ya watoto njiti, yaani watoto waliozaliwa kabla ya siku zao. Mama yake alipelekwa chumba cha wagonjwa mahututi. Hakuamka siku ile. Wala ya pili.

Fundi hakujua akae kwa nani, kwa mke au kwa mtoto. Mama mkwe wake, ambaye wote walimwita Bibi, alifika na kikapu chake, akaketi kwenye kiti cha wodi ya njiti. Fundi akarudi nyumbani, akafanya jambo pekee alilolijua. Alishona. Alishona vishati vinavyoenea kwenye kiganja. Alishona kofia saba na soksi kama vidole vya glavu. Alishona mchana kutwa, akajaza mfuko.

Muuguzi wa wodi ile alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya pole. Akaufungua mfuko, akashika kishati kimoja, akatazama mshono.

"Kazi nzuri, Fundi. Kofia na soksi tutazitumia. Lakini nguo hazitamwokoa."

"Ni kubwa? Nitapunguza."

"Si ukubwa. Nikuulize wewe mwenye kazi yako. Shati lina joto lake lenyewe?"

Fundi akafikiri. "Hapana. Linatunza joto la aliyelivaa."

"Haya. Mtoto huyu hana joto la kutunzwa. Hana mafuta mwilini. Ukimvika shati kumi, yatakuwa mashati kumi juu ya baridi. Anataka joto la mtu. Alazwe kifuani, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku. Sasa anapumua vizuri, anaweza kubebwa. Ingekuwa kazi ya mama yake, lakini mama yake hawezi. Basi ni wewe."

"Mimi?"

"Una kifua?"

"Ninacho."

"Nawa mikono mpaka kwenye viwiko. Kisha vua shati."

Fundi akatazama pembeni. Bibi alikuwa pale pale, kwenye kiti. Fundi hakuwahi hata kuvua viatu vyake ovyo mbele ya mama mkwe.

"Sista," akanong'ona, "yule ni mkwe wangu."

Bibi alikuwa mzee, lakini masikio yake yalikuwa mapya. Akainuka, akakigeuza kiti, akaketi akitazama ukuta.

"Mficha uchi hazai, baba," akasema. "Vua. Mimi nahesabu matofali."

Fundi akavua. Muuguzi akamlaza mtoto kifuani, wima, kichwa kimegeukia upande ili apumue. Mtoto alikuwa na nepi na kofia tu. Muuguzi akawafunga pamoja kwa kitambaa. Mpira mwembamba wa kulishia ulining'inia puani kwa mtoto.

Alikuwa mwepesi kama rili la uzi. Mwanzoni alikuwa baridi. Kisha, polepole, hakuwa baridi tena. Moyo wake ulikimbia juu ya moyo wa Fundi kama cherehani ya mbali.

Ndipo Fundi akakumbuka kitendawili cha mkewe. Fundi hakuishona. Haina mshono wala kifungo. Kuoga naoga nayo. Akainamisha kichwa, akalia kwa mara ya kwanza tangu mkewe aanguke.

"Matofali mangapi, Bibi?" muuguzi akauliza, ili Fundi apate kujifuta.

"Yamenipotea. Naanza upya."

Toka siku ile walipokezana. Fundi akichoka, Bibi alinawa, akafungua blauzi yake, akambeba mjukuu. "Kifua hiki kilikuwa kimestaafu," alisema. "Kumbe wamekirudisha kazini."

Lakini wodi ile haikuwa mahali pa kucheka sana. Kitanda cha jirani kilikuwa na mama kijana. Siku ya tatu mtoto wake alikufa. Yule mama hakulia kwa sauti. Alikunja kitambaa cha kumbebea, akakikunja tena, akakikunja tena, mpaka kikawa kidogo kabisa. Bibi akaenda, akamchukulia mfuko wake, akatembea naye mpaka langoni. Hakumwambia kwamba Mungu amependa. Hakumwambia atapata mwingine. Alibeba mfuko tu.

Siku ile Fundi alimwambia muuguzi lile lililomkaa kooni.

"Sista, mikono yake ilivimba mbele ya macho yangu. Nilipima kwa futi. Nikaachia mshono."

Muuguzi akavuta kiti, akaketi.

"Sitakudanganya," akasema. "Kama mngekuja siku ile, tungepima shinikizo la damu na mkojo, tungeanza dawa mapema. Mikono na uso kuvimba ghafla, kichwa kuuma bila kuacha, macho kuona vimulimuli au ukungu, maumivu makali chini ya mbavu. Moja tu kati ya hayo likimpata mjamzito, ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo. Lakini wewe ugonjwa hukuuleta, wala yeye hakuuleta. Hukujua. Sasa unajua."

"Kujua kwangu kutamsaidia nini?"

"Yeye hatujui bado. Wanawake wanapita mlangoni kwako kila siku, Fundi."

Watu walikuja kuwapa pole. Siku moja walikuja kumi na wawili, wakataka kuingia wamwone mtoto. Muuguzi akawazuia. "Mafua yako wewe mtu mzima ni kikohozi cha siku mbili. Kwa huyu ni kaburi." Wengine wakanuna, wakaondoka.

Mama Mkaa hakuomba kuingia. Alisimama langoni na kuuliza swali moja. "Nini hakijafanyika?"

Fundi aliona haya. "Hakuna, Mama Mkaa. Tunashukuru."

"Usinidanganye. Shati hilo umelivaa siku ngapi?"

"Nne."

"Lete. Na nguo za Bibi lete. Sindano anakula, anakwenda shule, namsuka mwenyewe. Chakula chenu cha mchana leo ni changu, kesho ni cha mama wa duka, keshokutwa cha mshona viatu. Nimewapanga."

"Sindano anasemaje?"

"Ana mgogoro. Nikimwambia atoe mji, ananiambia kitendawili si changu."

Siku ya tano Mama Sindano alifumbua macho. Mkono wake ulikwenda tumboni. Ukakuta bandeji.

"Mmemzika wapi?" akauliza.

Bibi alitaka kumficha kwanza, apate nguvu. Muuguzi akakataa. "Mgonjwa akifichwa, anajaza mwenyewe yaliyobaki, na huwa anajaza mabaya."

Basi Fundi akasema yote. "Yuko hai. Ni mdogo sana. Hajavuka bado. Anapata joto kifuani kwangu."

"Kwako?" Akamtazama kwa muda mrefu, akipepesa macho. "Sikuoni vizuri, Fundi. Una ukungu."

Daktari aliporuhusu, walimpeleka kwa kiti cha magurudumu. Alimgusa mtoto kwa kidole kimoja, akakiondoa, akakirudisha. Muuguzi akamfundisha kukamua maziwa kwa mkono, kila baada ya saa tatu. Siku ya kwanza yalitoka matone matano. Muuguzi akayapokea kama ndoo nzima.

"Haya ni dawa. Asipewe maji, asipewe maziwa ya ng'ombe. Haya tu. Na wewe, Fundi, kazi yako ni kumfanya mama huyu alale, ale, na asisikie maneno ya watu."

Walikaa wiki tano. Mtoto alipofika kilo mbili na kunyonya mwenyewe, waliruhusiwa. Sindano alimchungulia, akasema ni mwembamba kuliko yeye. Akamwita Uzi.

Mama Sindano alirudi, lakini hakurudi mzima. Macho yalikuwa bado na ukungu. Vifungo hakuweza kushona. Alisahau vitu. Siku nyingine alilia bila kujua sababu. Alikunywa dawa za shinikizo kila siku, akaenda kupimwa kila alipoambiwa. Muuguzi alikuwa ameonya: huzuni isipopungua, nayo iletwe hospitali, kwa sababu nayo ni ugonjwa. Fundi alichota maji, alifua, alipika. Mashoga wa mkewe walimcheka. Akawaambia, "Chekeni, lakini chekeni mkiosha vyombo hivi." Wawili waliviosha.

Mchana mmoja alikuja mteja, mjamzito, na gauni mkononi.

"Fundi, niachie mikono. Inanibana."

Fundi akachukua futi. Kisha akaishusha. "Inakubana tangu lini?"

"Tangu juzi. Nanenepa tu."

"Kichwa?"

"Kinauma. Kwani wewe umekuwa daktari?"

Fundi akalitundika gauni msumarini. "Mshono huu siugusi. Nenda kliniki sasa hivi, wakupime shinikizo na mkojo. Ukirudi, nitakushonea bure."

"Makubwa! Fundi anakataa kazi!"

"Nenda, dada," Mama Sindano akasema kutoka kitandani, Uzi akiwa kifuani mwake. "Mimi mshono niliachiwa."

Yule mwanamke akamtazama, akayatazama macho yale, akaacha kubisha. Akaenda. Jioni mumewe alileta habari. Wamemlaza. Shinikizo lilikuwa juu, lakini wamemwahi. Gauni likabaki msumarini, likimngoja.

Sindano alikuwa amekaa chini na vipande vyake. Alikuwa amesubiri siku nyingi.

"Mama, kile kitendawili."

"Kipi, mwanangu?"

"Cha nguo. Fundi hakuishona. Haina mshono wala kifungo."

Mama yake akafikiri. Uso ukakunjamana kwa kutafuta. "Nilikitega mimi?"

"Ndiyo. Asubuhi yake ukaanguka."

"Sikikumbuki. Wala jibu lake silikumbuki." Machozi yakamjaa.

Fundi aliacha kukanyaga cherehani. Alilijua jibu. Hakulisema.

Sindano akainuka, akaenda kitandani, akaweka kidole mahali ambapo shavu la Uzi liligusana na kifua cha mama.

"Ni hii," akasema. "Ngozi. Umekosa, mama. Nipe mji."

Mama Sindano akaifungua blauzi zaidi, ile ya mkono ulioachiwa, akasogea kidogo.

"Mji sina," akasema. "Njoo ukae upande huu. Ule una mwenyewe."