Aliyefungwa Kamba Pembeni mwa Picha

Saa mbili asubuhi, Jumapili. Chumba cha nyuma cha kilabu cha bia, mjini Haarlem, Uholanzi.

Wolfert alichora ramani ya nyumba kwa kidole, kwenye bia iliyomwagika mezani. Mwenye nyumba, mchoraji Evert, angekwenda kanisani saa tatu. Wangepita mlango wa uani. Ufunguo alikuwa nao Machtelt, aliyemwoshea Evert brashi zake.

Picha waliyoitaka Evert aliichora kwenye kambi yao ya vita. Katikati yupo Wolfert, anacheza dadu juu ya ngoma, kiunoni kajifunga mshipi mwekundu wa kapteni ambaye yeye mwenyewe alimuua. Mnunuzi ni ndugu wa kapteni. Angekuja kesho, na mshipi angeutambua.

"Tunaikata, tunaichoma," Wolfert alisema. "Atakayebwabwaja, namchinja."

Barent, mtu wake tangu vitani, akatikisa kichwa kukubali. Machtelt naye akakubali. Miaka miwili alikuwa akimpikia Wolfert na kulala naye, tangu siku alipomfuata mumewe Harmen, mkulima, kambini akaambiwa na Wolfert kwamba ameuawa na homa.

Saa tatu na robo, nyumbani kwa Evert.

Wolfert aliivua picha shuka lake. Machtelt hakuwahi kuiona; siku zote ilikuwa imefunikwa. Evert alipaka wekundu mwepesi juu ya wekundu, tabaka kwa tabaka, mpaka mshipi ukawaka kama kaa la moto. Mwanga wote kawapa askari. Wakulima kawatupa pembeni, kwenye giza la kahawia, miguso miwili mitatu tu ya brashi kila mmoja. Nani anunue sura ya mkulima?

Mmoja alikuwa amepiga magoti, kamba shingoni.

Harmen.

"Ulisema homa."

Wolfert hakugeuka. "Alileta ubishi juu ya farasi wake. Shika fremu, wewe."

Kisu cha kukwangulia rangi kilikuwa mezani. Machtelt alikizamisha chini ya sikio la Wolfert, akakichomoa, akakizamisha tena. Wolfert alimkamata nywele, akambamiza ukutani mpaka jino likaruka. Kisha akaanguka. Alikufa akikoroma.

Barent hakuchomoa upanga. Alikuwa ameitumbulia macho picha. Machtelt aliifuata ile kamba kutoka shingoni mwa Harmen hadi kwenye mkono wa aliyeishika. Juu ya mkono, uso wa Barent.

"Niliamriwa, Machtelt. Angeniua."

"Najua."

Machtelt alifunga mlango, akatupa ufunguo nje ya dirisha, akawaita walinzi wa mji. Barent angeweza kumuua. Aliketi tu sakafuni, karibu na maiti.

Saa nne kasoro dakika kumi walifungwa wote wawili. Machtelt, damu ikimtoka mdomoni, alimwomba sajini wa walinzi jambo moja tu: picha isifunikwe tena, Harmen aonekane.