Sitini na Mbili

Mtu mwenye akili timamu haendi Ziwa la Magharibi siku ya Sikukuu ya Taifa. Sisi wakazi wa Hangzhou siku hiyo tunajifungia ndani na chai yetu, ziwa tunawaachia wageni. Wote hukimbilia Daraja Lililovunjika, ambalo wala halijavunjika, ila mwaka ule nilidhani litavunjika kweli. Watu walisongamana juu yake bega kwa bega, fimbo za kupigia picha zikiwachoma wenzao macho, na polisi akibweka kwenye kipaza sauti: "Tembeeni! Msisimame! Tembeeni!"

Lou Peiwen hakuwa na hiari. Kazi yake ilikuwa kuwapamba maharusi wanaopigwa picha kando ya ziwa, na bibi harusi wa siku hiyo aling'ang'ania daraja, na siku hiyo hiyo. Basi Peiwen alikuwa ameinama, nywele kazibana kwa brashi ya poda, blauzi yake ya njano imemganda mgongoni kwa jasho, mikono yote miwili imeshika mkia wa gauni jeupe lisiguse chini. Ndipo kiatu kikubwa cha mwanamume kikatua juu ya lesi. Lesi ikachanika kwa sauti iliyowageuza watu vichwa.

"Wee sitini na mbili!" Peiwen alifoka kwa lahaja ya mjini. "Macho umeyaacha nyumbani?"

Sasa, Hangzhou ukimwita mtu sitini na mbili umemwita zuzu, bwege, kichwa kitupu. Usiniulize kwa nini, ndivyo tulivyowakuta wazee wetu wakitukanana. Lakini mwenye kiatu alikuwa Luan Jiwei, fundi wa lifti aliyetoka Harbin, kaskazini kabisa kwenye theluji, na mjini alikuwa bado mgeni wa kupotea njia. Alikuwa mrefu, koti la ngozi jeusi mwilini kwenye joto lile, uso umemwiva kwa aibu. Katika maneno yote aliyofokewa alishika namba tu.

"Sitini na mbili. Haya, dada. Samahani sana." Akainamisha kichwa, akamezwa na umati.

Alasiri, Peiwen alipopita gatini penye mashua za makasia, alimkuta jamaa yupo kwenye foleni anabishana na mzee mpiga makasia.

"Nimeambiwa sitini na mbili, basi mimi nasubiri mashua namba sitini na mbili."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Hapa baada ya sitini na moja ni sitini na tatu, kijana. Nani atapanda hiyo? Kakwambia nani?"

"Yule pale!"

Peiwen aligeuka. Hapo ndipo ninapomkasirikia mpaka leo, kwa sababu ukweli ulikuwa wa kusema mara moja na kuisha.

"Dada, hiyo namba maana yake nini?" Jiwei aliuliza.

"Ni sifa," Peiwen akajibu, akijiuma mdomo asicheke. "Kwetu mtu muungwana tunamwita sitini na mbili."

"Hata kabla sijaomba radhi?"

"Una uso wa kuomba radhi."

Jiwei akatabasamu, na lile tabasamu lilikuwa pana na la kweli, bila hila hata chembe. Peiwen moyo ukampiga paa. Jioni ile walikula tambi pamoja, na majira ya baridi yalipofika walikuwa hawaachani.

"Haloo, Sitini na Mbili wangu, umekula?"

"Nimekula, laazizi. Leo lifti nusura inile mimi."

"Isithubutu. Wewe ni wangu mimi kukutafuna."

"Njoo basi, nimeshajitia chumvi."

Hivyo ndivyo walivyokuwa, kila siku, simu mpaka betri inalia. Mafundi wenzake wote walikuwa watu wa kuja kama yeye, hakuna wa kumfumbua macho. Jiwei mwenyewe alijitambulisha kwa fahari: kwa bibi muuza mboga, kwa mlinzi wa geti, kwa majirani. "Mimi ndiye Sitini na Mbili wa Peiwen." Wakacheka, naye akacheka nao, akasema moyoni kwamba watu wa Hangzhou ni wachangamfu sana. Peiwen alitaka kumwambia. Kila alipotaka, neno lilikuwa limeshakuwa tamu mdomoni, akaahirisha.

Mama yake ndiye aliyekuwa akinichemsha damu. Mbele ya Jiwei alizungumza lahaja tupu, makusudi, ili kijana asielewe. Kijana anampandishia magunia ya mchele ngazini, yeye anamwambia binti yake, "Sitini na mbili wako anakula sana, lakini mgongo anao."

Septemba, maua ya gui yalipochanua na mtaa mzima kunukia kama asali, mama alifanya karamu ya siku yake ya kuzaliwa. Wajomba walikuja, kaa wa mvuke walipangwa, mvinyo wa mchele ulipashwa moto. Jiwei alivaa suti mpya ya buluu na tai nyekundu aliyofungwa na Peiwen, viatu vinang'aa. Mfukoni alikuwa na kijiboksi ambacho hakuna aliyekijua. Alisimama, kikombe ameshika kwa mikono miwili.

"Mama, wajomba, mimi si mtu wa maneno. Mimi, Sitini na Mbili wenu, nimekuja kwa heshima zote..."

Hakufika mbali. Mjomba mmoja alipaliwa na mvinyo. Mwingine alipiga meza kwa kiganja, kaa wakaruka.

"Kasema mwenyewe!" mama akalia kwa kicheko. "Jamani, kasema mwenyewe!"

"Kijana, hujui?" mjomba akafuta machozi. "Sitini na mbili ni zuzu! Umesimama kutuambia, 'Mimi, zuzu wenu!'"

Jiwei hakumtazama mjomba. Alimtazama Peiwen. Na Peiwen, kiganja mdomoni, mabega yakimtikisika, naye alikuwa anacheka.

Kikombe kiliwekwa mezani polepole. Mlango ulipofunguliwa Peiwen alikuwa ameshaacha kucheka, akamkimbilia ngazini.

"Jiwei! Jiwei, ngoja!"

"Kumbe jina langu unalijua."

"Ni utani, mpenzi. Ni jina letu la mapenzi."

"Letu? Mimi nilikuwa peke yangu humo ndani. Nilimpigia mama yangu Harbin, nikamwambia, mama, tulia, mwanao huku anaheshimiwa. Akalia kwa furaha, Peiwen! Mama yangu alilia!"

"Na wewe ni mtu gani, mwaka mzima huulizi watu?"

"Nilikuuliza wewe!" Sauti ilipanda ngazi zote, milango ya majirani ikafunguka. "Wewe ndiye mtu niliyekuuliza!"

Peiwen akabaki ameshika reli ya ngazi, akisikia vile viatu vipya vikishuka mpaka chini.

Alipiga simu, haikupokewa. Akapiga tena na tena, mpaka usiku mmoja ikapokewa.

"Naomba kuzungumza na Jiwei."

"Jiwei hayupo. Yupo zuzu, na zuzu anafunga mizigo. Nimeomba kazini nirudishwe Harbin. Treni ni jioni ya sikukuu."

"Usiondoke."

"Nipe sababu ambayo haichekeshi." Akakata.

Hasira za Peiwen zilimgeukia mama yake, aliyekuwa jikoni anamenya tangawizi.

"Atarudi tu," mama akasema. "Mwanamume mzima anunie namba!"

"Mama, jina lake nani?"

"Nani?"

"Huyo unayemcheka. Jina lake."

Kisu kilisimama. "Si yule... yule wa kaskazini..."

"Mchele umekula, mgongo umeutumia, jina hulijui! Na mimi sikwambii. Utamwuliza mwenyewe, kama atabaki mtu wa kuulizwa."

Sikukuu ikafika, na daraja likajaa wale wale wageni na zile zile fimbo zao. Peiwen hakwenda kupamba harusi yoyote. Alivaa gauni jekundu, nywele kazivuta nyuma kabisa, na kwa rangi ya mdomo ya maharusi, ile isiyotoka kwa maji, alijiandika kwenye paji la uso kwa tarakimu kubwa: 62. Akasimama katikati ya daraja, akapiga simu.

"Niko darajani. Njoo unicheke."

"Nina treni, Peiwen."

"Treni ni jioni. Nimejiandika usoni. Njoo unicheke kwanza, ndipo uende."

"Nenda nyumbani."

Hakwenda. Wageni walipita bila kuelewa, lakini vibibi vya mjini vilielewa vizuri sana, vikashikana mikono kwa kicheko, vikaita wenzao. Vijana wakamrekodi. Mpaka yule polisi, kipaza sauti mdomoni: "Wewe dada wa sitini na mbili, tembea, usisimame!" Daraja zima likaangua kicheko. Peiwen uso ulimwaka moto, miguu ikataka kukimbia, lakini alibaki pale pale na machozi yakimtiririka.

Jiwei alitokea akisukuma sanduku lake katikati ya watu, koti la ngozi mwilini, jasho linamtoka, na hasira zake zote.

"Futa."

"Sifuti."

"Watu wanakupiga picha!"

"Wapige."

"Inauma?"

"Inauma sana."

"Mimi haikuniuma mwaka mzima. Ilikuja kuniuma kwa mkupuo, na wewe ukicheka."

"Najua. Nilicheka. Sina cha kujitetea. Nisamehe, Jiwei. Luan Jiwei."

Jiwei akatoa kile kijiboksi, akamrushia kama anayetupa jiwe. "Soma ndani ya pete."

Peiwen aliigeuza juani. Ndani kulichongwa tarakimu mbili, sita na mbili.

"Niliichongesha kabla sijajua," Jiwei alisema. "Nilidhani ndilo jina zuri kuliko yote niliyowahi kuitwa."

Peiwen alilia kwa sauti, bila haya, vibibi vikaacha kucheka. "Nitaivaa. Ukinipa, nitaivaa hivi hivi."

"Bado nina hasira."

"Kasirika. Mradi ukasirikie hapa."

"Tena nyingi."

"Nitazisikiliza zote."

Akamvisha, kwa nguvu kidogo. "Na usifute. Twende hivyo hivyo kwa mama yako."

Wakaenda hivyo hivyo, metro nzima ikimtazama Peiwen usoni.

Mama alifungua mlango na mwiko mkononi, harufu ya supu ya tangawizi nyuma yake. Aliona paji la uso la bintiye, mdomo ukafunguka kwa kicheko. Kisha akaona pete. Akaona sanduku. Akamwona Jiwei amesimama kizingitini, hatabasamu, hasalimii. Kicheko kikamfia kooni.

Mwiko ulishuka. Mama akajikohoza, na kwa mara ya kwanza tangu amfahamu kijana huyu akazungumza lugha ya taifa, kwa kujikwaa, ili aelewe kila neno.

"Mwanangu, jina lako nani?"

"Luan Jiwei, mama."

"Jiwei," mama akarudia taratibu, kama anayeonja supu kama imekolea chumvi. Akasogea, akaacha njia. "Jiwei, vua viatu, uingie."