Usinibebe Mezani

Jumamosi ile Ngara ilijaa watu hadi barabarani, na duka la vitambaa la Nayan ndilo lililojaa kupita yote. Ivyne, fundi wa nguo kutoka Dagoretti, alikuwa amevaa gauni la kitenge cha manjano alilojishonea mwenyewe, mikono ya gauni imefura kama maandazi. Kwenye ngazi za nyuma alikumbana na kijana mrefu, shati jeupe, pasi imekaa sawasawa.

"Dada, huko juu hakuna vitambaa," kijana akamwambia. "Ni karata tu."

"Kwani nimekuuliza vitambaa?"

Kijana akacheka, akampisha. Aliitwa Zedekiah, fundi wa friji anayekaa Satellite. Huko juu Nayan alikuwa ameweka chai ya tangawizi na meza ya poka. Dau la kuanzia lilikuwa dogo, bei ya sambusa mbili, lakini kila mtu aliruhusiwa kukaa na rundo refu la chipu za kuwekea dau mbele yake. Kwa hivyo asiye na subira aliisha polepole, na mwenye kiburi aliisha mara moja. Ivyne alikuwa na subira ya mtunga shanga. Alishinda, Zedekiah akamsindikiza hadi stendi, na mvua zilipoanza walikuwa tayari wanaitana mpenzi.

Sasa, Nayan alikuwa na sheria moja: mezani kwake hakuna mke wala ndugu. Ukimchezea mwenzako kwa huruma, umewaibia wengine.

Siku moja Ivyne alishika malkia watatu. Mezani zilikuwa zimelala kopa tatu, akaogopa kwamba mwenye mbili nyingine mkononi angemshinda, akagonga meza bila kuongeza dau. Zedekiah, wa mwisho kuamua, naye akagonga. Walipofunua, Zedekiah alikuwa na kopa tano, kubwa kuliko zote. Hakuna karata ambayo ingemshinda, na hakuweka hata chipu moja.

Amrit, mwenye duka la spea, akakoroga chai yake. "Ivyne," akasema, "kumbe wewe hubebwa."

Ivyne akachukua mkoba, akashuka ngazi. Aibu angeivumilia. Kilichomuuma ni kutojua kama aliwahi kushinda hata siku moja kwa akili yake, au zote zilikuwa huruma za mwanamume.

Zedekiah alipiga simu mchana na jioni. Hatimaye ikashikwa.

"Sweetie, nilikuonea huruma tu."

"Hapo ndipo uliponikosea, Zede. Huruma ni ya mgonjwa."

Akamwambia aje Jumamosi, akae mkabala naye, amcheze kama anavyomcheza Amrit. Akimwonea huruma tena, asimpigie simu maisha yake yote.

Zedekiah akaja, macho yamekauka. Alimbana Ivyne tangu karata ya kwanza, akamla rundo zima, Ivyne akanunua lingine. Alasiri marundo yao yakawa yamelingana, marefu kuliko ya wote. Ndipo Ivyne akabaki na jozi ya karata za kumi tu mkononi, na mezani pau tatu za kutisha. Zedekiah akasukuma chipu zake zote mbele.

Ivyne akamtazama, akapitisha kichwani jinsi alivyocheza tangu mchana. Zede mwenye pau kweli angeweka kidogo, ambembeleze aingie. Huyu alikuwa anamfukuza.

"Naona," akasema, akasukuma zake.

Zedekiah akafunua karata zake taratibu. Hakuwa na kitu, hata jozi moja.

Amrit akapiga makofi. Ivyne akavuta rundo kwa mikono miwili, uso unang'aa kuliko kitenge chake.

"Ulitaka kunidanganya mbele ya watu wote hawa?"

"Kwa moyo wangu wote, mpenzi. Ukanishinda."

Ivyne akapanga chipu zake zote, hakuwa na haraka. Kisha akamwambia kwamba Jumamosi ijayo hawatacheza. Avae lile shati jeupe, aende Dagoretti akamwone mama.

"Nimwambie nimefuata nini?"

"Mwambie umekuja kuoa mtu aliyekumaliza."