Dorcas Agongwa Kichwa Uwanjani

"Hakuna ugonjwa wa mtoto nisioujua mimi," alisema Epifania wa Busunzu, akimenya muhogo. "Hasa minyoo. Nayo siiamini mpaka itoke nje niione."

Mjukuu wake Dorcas akaingia kutoka shuleni, akiyumba. Rafiki yake Asia alimfuata, amebeba madaftari ya wote wawili.

"Bibi, tumefungwa kwa sababu ya huyu!" Asia alifoka. "Kwenye mpira wa pete amegongana vichwa na mwenzake, akakaa chini. Mwalimu Athuman akammwagia maji, akamrudisha uwanjani. Basi Dorcas akawarushia wapinzani mpira mara tatu!"

"Wamemhonga karanga," alisema Epifania. "Dorcas, shika jembe."

"Bibi, tumeshinda?"

"Mmefungwa."

Dorcas akatapika mlangoni. Akafuta mdomo. "Bibi, tumeshinda?"

Epifania alikasirika. Kisha akaogopa. Akampakia kwenye baiskeli ya jirani, akaisukuma hadi zahanati, akinung'unika njia nzima: watoto wasumbufu, walimu wasumbufu, kilima nacho hakiishi.

Nesi Zena alimpima Dorcas, akashusha pumzi. "Bibi, huyu ni wa tatu muhula huu! Ubongo umetikisika. Damu hamuioni, basi mnadharau. Kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika, kuuliza lile lile, kuchanganyikiwa: ndizo dalili. Mtoto akigongwa kichwa, mtoeni mchezoni, asirudi siku hiyo. Asiachwe peke yake. Mleteni hapa."

"Akilala je?"

"Alale, ila mwamsheni mara kwa mara. Asipoamka vizuri, akipata degedege au akitapika tena na tena, mkimbizeni hospitali. Jembe hapana, mpira hapana, mpaka apone kabisa nami nimruhusu. Akigongwa tena kabla hajapona, anaweza kufa."

Kesho yake Epifania alimvamia Mwalimu Athuman ofisini.

"Maji yako yanaosha nywele, mwalimu. Kwenye ubongo hayafiki!"

Mwalimu aliinamisha kichwa. Tangu siku hiyo, aliyegongwa kichwa hutolewa uwanjani, hata timu ikiwa inafungwa. Niyitegeka, beki wa wavulana, alitolewa hivyo, akapelekwa zahanati, akapona vizuri.

Dorcas naye alianza kupata nafuu. Siku ya tano akavaa sketi ya michezo.

"Bibi, kichwa hakiumi hata kidogo. Naenda kucheza."

"Vizuri, mwanangu." Epifania akachukua mchi, akatwanga makopa ya muhogo kinuni. Pu!

Dorcas akafumba macho, akaziba masikio kwa mikono miwili.

"Haya," alisema Epifania. "Vua sketi."