Picha ya Kichwa cha Zambarau

Kila asubuhi kabla ya shule, Imrani alichota maji bombani, akamwagilia mzabibu uliotambaa nyuma ya nyumba yao kule Nkuhungu, kisha akamsubiri mdogo wake Sabiha afunge kamba za viatu. Jumatatu moja ya mwaka 2004, aliingia darasa la sita akakuta wenzake wamejazana mbele ya ubao.

"Zabibu kaja!" mmoja akapiga kelele. "Zimeiva hizo, chumeni!"

Imrani alipenya katikati yao. Ubaoni palibandikwa picha yake ya umri wa miaka mitano. Alikuwa amenyolewa, kichwa chenye mapunye kimepakwa dawa ya zambarau, kamasi zikimtiririka, naye amefungwa kanga ya mama, analia mdomo wazi. Picha hiyo ilikaa ndani ya albamu, kabatini kwa shangazi aliyeishi nao.

Aliyeshika gundi alikuwa Yotham, rafiki yake wa dawati moja.

"Umeipata wapi?"

"Kwa shangazi yako, kule kwenye duka la intaneti. Kila kompyuta ukiwasha, wewe huyo, unalia! Nikamwomba kijana wa zamu anichapie."

"Ibandue."

"Ibandue mwenyewe, Zabibu."

Ngumi ya kwanza ilimpata Yotham mdomoni. Yotham akamrukia, wakaanguka juu ya madawati. Yotham alimbana shingo mpaka macho yakamtoka, huku wengine wakiimba, "Zabibu! Zabibu!" Mkono wa Imrani ulipapasa sakafuni, ukagusa mguu wa dawati uliovunjika. Aliuinua, akapiga. Hakuuona msumari uliochomoza.

Wimbo ulikatika. Yotham alijishika uso, damu ikichuruzika kati ya vidole vyake mpaka kwenye shati jeupe.

"Jicho langu!" alilia. "Mama, jicho langu!"

Mwalimu Ruthu alimkimbiza hospitali. Imrani aliachwa amepiga magoti nje ya ofisi. Hakuikumbuka tena picha. Aliomba kimoyomoyo jicho lile lipone.

Saa sita Mwalimu Ruthu alirudi. Shangazi Stara, aliyeitwa kutoka kazini, alikuwa tayari amekaa ofisini.

"Msumari umepasua nyusi," mwalimu alisema. "Ameshonwa nyuzi saba. Jicho limenusurika chupuchupu. Imrani, utakaa nyumbani wiki mbili. Na Yotham akipona, naye atajibu kwa alichokianzisha."

Shangazi aliweka kiganja kifuani. "Mwalimu, hata mimi nina kosa. Nilitengeneza ukurasa wa familia ili ndugu zetu wa Tabora na Maskati wawaone watoto. Nikauweka ufunguke wa kwanza kwenye kila kompyuta ya dukani. Nilijivunia. Picha ile mimi huiona nzuri."

"Shangazi, wewe ulimwona mtoto wako," Imrani alisema, machozi yakimlenga. "Wao wamemwona Zabibu."

Jioni hiyo Shangazi aliufuta ukurasa wote, kisha akawaita Imrani na Sabiha, akafungua albamu mbele yao. Sabiha alikataa picha tatu. Imrani aliruhusu moja tu, ambayo amevaa kanzu ya Idi, nayo itumwe kwa barua, kwa bibi peke yake.

Kesho yake Imrani na shangazi walikwenda kwa kina Yotham na kikapu cha zabibu. Yotham alikuwa kitandani, nusu ya uso imefungwa bandeji.

"Nisamehe," Imrani alisema. "Ningeweza kukupofua."

"Nami niliicheka picha yako," Yotham alijibu kwa sauti ndogo.

Shangazi aliketi ukingoni mwa kitanda. "Wanangu, picha niliyoifuta huenda watu wengine wanayo, na hiyo siwezi kuirudisha, kama vile Imrani asivyoweza kuliondoa kovu hili. Picha ya mtoto ni ya mtoto. Mkubwa aulize kwanza kabla ya kuionyesha. Na aliyeaibishwa aje atuambie, asishike silaha."

Imrani alisogeza kikapu. Yotham alichuma zabibu moja, akaitazama, akafungua mdomo kama anayetaka kutania. Akaufumba.

"Asante, Imrani," alisema.